Kinubi cha Puabi na Pauni Tano Mfukoni

Nina siku nne tangu nirudi Nyamira. Begi kubwa halijafunguliwa lote, na tayari habari hii nimeisimulia jikoni kwa mama, dukani, ndani ya matatu ya kutoka Keroka, na mara mbili nje ya kanisa baada ya ibada. Bado haijaniisha mdomoni. Nimeona kinubi cha zaidi ya miaka 4,000! Nimekiona kwa macho haya mawili, bila kulipa hata ndururu, kina kichwa cha fahali wa dhahabu mwenye ndevu za buluu. Na siku kilipofukuliwa, mifupa ya mikono ya mwanamke ilikutwa pale pale nyuzi zilipokuwa.

Subirini nivute pumzi, nianzie mwanzo.

Mwaka jana mwezi wa Septemba nilikwenda London kusomea shahada ya uzamili, kozi ya mwaka mmoja. Sehemu ilikuwa ufadhili, iliyobaki ikachangwa hapa nyumbani: harambee ya hema mbili na masufuria ya ndizi, kila aliyetoa noti akitajwa kwenye kipaza sauti. Bajeti ilisomwa mbele ya watu. Nauli ya ndege, viza, bima ya afya, kodi ya chumba, koti la baridi. Matembezi hayakuwamo. Nani angethubutu kuyaweka? Kwetu, neno matembezi likitajwa karibu na pesa za mchango, watu husikia uzururaji. Baba mdogo alinisindikiza hadi stendi akaniambia, "Mwanangu, unaenda kusoma, huendi kutembea." Nikaitikia, "Ndiyo, Baba." Na kwa wiki sita nilitii. Darasani, maktaba, chumbani. Jumapili kanisani, halafu chumbani tena.

Jumamosi moja ya mvua nyembamba, jirani yangu wa bwenini, msichana wa Kumasi, akabisha mlango: "Vaa koti twende. Ni bure." Hilo neno bure ndilo lililonitoa kitandani. Tangu siku ile sijui Jumamosi ya kukaa ndani ni nini, na leo namwandikia kila kijana wa Kisii na Nyamira aliye na barua ya chuo cha ng'ambo mkononi, pamoja na wazee wa kamati wanaomchangia: matembezi ni sehemu ya masomo, na yanastahili mstari wake kwenye bajeti. Hesabu kamili nitaitoa hapo mbele, hadi nauli ya basi.

Mahali penyewe palikuwa British Museum, makumbusho yaliyoanzishwa mwaka 1753. Kuona hazina yake ya kudumu hakuna kiingilio. Wanakagua begi lako, umeingia. Ua wa katikati una paa la vioo lililofunguliwa mwaka 2000, vioo 3,312, na inasemekana hakuna viwili vinavyolingana. Nilisimama chini yake nimeinua shingo kama mtu anayefukuza ndege shambani kwa macho. Mwenzangu alikuwa na sharti moja tu: chumba kimoja kwa siku, basi. Nashukuru sana kwa sharti lile. Makumbusho si soko la Daraja Mbili hata ujitahidi kupita kila kibanda kabla jua halijazama. Ukikimbia vyumba vyote unarudi nyumbani na miguu inayouma na picha mia mbili za vitu usivyovikumbuka.

Chumba chetu kilikuwa namba 56, ghorofani, chumba cha Mesopotamia. Nikapinda kona, na moyo ukaruka. Umbo lile nalijua!

Kwa msomaji asiye wa kwetu: obokano ni kinubi cha Abagusii. Bakuli kubwa la mti uliochongwa, limewambwa ngozi ya ng'ombe. Mikono miwili ya mti inapanda juu. Mti wa tatu umelazwa kati ya ncha zake. Na kutoka mti ule zinashuka nyuzi nane hadi kwenye ngozi. Nyatiti ya Wajaluo na litungu la Wabukusu ni ndugu zake, ila obokano ndiye kaka mkubwa, mnene, mwenye sauti ya chini kabisa. Sauti yake haiishii sikioni. Inashuka, inakaa kwenye mbavu.

Na pale nyuma ya kioo, maelfu ya kilomita kutoka Manga, kulikuwa na mikono miwili inayopanda, mti uliolazwa juu, nyuzi zinazoshuka kwenye kisanduku cha sauti. Kimo chake ni mita moja na kitu, kama obokano lililosimamishwa. Nilihesabu nyuzi: 11. Mbele ya kisanduku kimetokeza kichwa cha fahali. Uso ni wa dhahabu. Macho, nywele na ndevu ni za lazuli, lile jiwe la buluu nzito lililosafirishwa kutoka milima ya Afghanistan enzi ambazo hakukuwa na lori wala barabara. Chini ya kidevu kuna vibao vilivyopambwa kwa lazuli, magamba ya kombe na mawe mekundu, ambavyo hapo zamani vilishikiliwa kwa lami. Nilikaa pale hadi pumzi yangu ikafunga ukungu kwenye kioo. Fahali! Watu waliotengeneza kinubi wakaona hakijakamilika mpaka kiwe na ng'ombe ndani yake. Sisi tunamweka ng'ombe kwenye ngozi inayovuma; wao walimweka mbele akitazama watu.

Kinaitwa kinubi cha malkia. Mwanaakiolojia Leonard Woolley alikifukua miaka ya 1920 huko Ur, kusini mwa Iraki, katika kaburi la malkia Puabi. Na sikilizeni kilivyookolewa, maana hapa ndipo nilipokosa maneno. Mti ulikuwa umeoza wote. Kilichobaki ardhini kilikuwa dhahabu, mawe, na tundu tupu lenye umbo la mti uliokufa. Woolley akamimina plasta ndani ya tundu lile. Plasta ikaganda, ikashika mapambo mahali pake, na kinubi kikasimama tena kwa umbo la kutokuwepo kwake. Uso wa fahali ulikuwa umepondeka, ukanyooshwa. Pembe ni mpya. Mwanzoni hata kilijengwa vibaya, kikaunganishwa na kinubi kingine cha kaburi lile lile, mpaka wataalamu wakarudi kwenye picha za siku ya kufukua, wakakivunja na kukijenga upya mwaka 1971 na 1972. Nimeipenda habari hii kupita kiasi. Kitu cha kale namna ile bado watu wanakirudia, wanakitazama tena, wanakisahihisha, kama mwanafunzi na tasnifu yake.

Halafu mkono.

Babu yangu anapiga obokano. Utotoni niliketi miguuni pake nikifuata vidole vyake kwa macho, na kila nikinyoosha mkono niguse uzi, shangazi alinirudisha: "Hicho ni cha wanaume." Hakuwa mkali. Alisema kama mtu anayekuarifu kwamba mvua inanyesha. Nami nikakua nikijua hivyo, kama ninavyojua mvua ya hapa huja alasiri.

Kaburini mwa Puabi, pamoja na kinubi kilichoegemezwa ukutani, kulikuwa na miili ya wanawake kumi wenye mapambo ya thamani. Inadhaniwa waliuawa ili wamsindikize malkia. Mmoja alilala karibu kabisa na kinubi, na Woolley aliandika kwamba mifupa ya mikono yake ilikuwa mahali nyuzi zilipopita. Nyuzi zimeoza, mti umeoza, mikono imebaki pale pale. Jamani, huyu alikuwa mpigaji! Alikwenda na kazi yake mkononi. Niliona uchungu kwa kifo chake na furaha kwa mikono yake, vyote kwa pamoja, nikamshika mwenzangu wa Kumasi bega nikamwambia kwa Kiswahili, lugha asiyoijua, "Tazama, ni mwanamke." Akaelewa.

Hiyo ilikuwa Jumamosi ya kwanza tu!

Niliporudi wiki iliyofuata, chumba kimoja tena, nilikwenda kwa Wamisri. Kila mtu hukimbilia maiti zilizokaushwa. Mimi nilinaswa na hirizi ndogo zenye umbo la mbawakawa, nyingine hazizidi ukucha wa kidole gumba, zimechongwa kwa jiwe la sabuni. Jiwe la sabuni! Mtoto wa Tabaka hahitaji kuelezwa jiwe hilo. Kule Tabaka, Mugirango Kusini, linachimbwa kwa sururu, linakatwa kwa panga, linachongwa kwa patasi na kisu, na likitoka hapo linapelekwa kwa akina mama. Wao ndio wanaoliloweka na kulisugua kwa msasa, mkwaruzo mzito kwanza, kisha laini, kisha laini zaidi, maji meupe yakitiririka viganjani kama maziwa, mpaka kiboko kinang'aa. Watalii wananunua kazi ya mchongaji. Wanachokipapasa vidoleni ni kazi ya mama aliyesugua. Wamisri walikuwa na ujanja wao: walilipaka jiwe rangi ya kung'aa na kulichoma, likawa gumu. Tangu nilipoona hirizi zile nina hamu kali ya kumwona fundi wa Tabaka na mfinyanzi wakikaa meza moja wajaribu.

Na kuna meza fulani katika vyumba vya makumbusho yale, za kugusa. Mfanyakazi wa kujitolea anakaa na vitu halisi vya kale, anakuwekea kimoja kiganjani na kukueleza. Sikujua jambo hilo linaruhusiwa duniani. Nendeni kwenye meza hizo kabla ya mahali pengine popote.

Chini ya ngazi kuna vyumba vya Afrika, na huko nilikutana na vyungu vya Magdalene Odundo. Nawasihi, msivipite. Odundo alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akaenda Uingereza mwaka 1971 akiwa kijana wa kusomea sanaa za biashara, matangazo na michoro. Udongo ulimkuta huko huko. Akajifunza Farnham, akaenda hadi Abuja kwa wafinyanzi wanawake wa Nigeria, akamalizia Royal College of Art, London, mwaka 1982. Vyungu vyake havipakwi rangi ya kioo. Anavijenga kwa mkono bila gurudumu, anavisugua na kuvisugua, na moto ndio unaoamua kiwe chekundu au cheusi tititi. Kimoja kina shingo iliyoinama kidogo upande, kama mama aliyejitwisha mtungi akasikia jina lake likiitwa. Niliinama nami bila kujua. Leo mwanafunzi yule wa matangazo ana cheo cha heshima cha Dame alichopewa mwaka 2020. Angekaa chumbani na vitabu vya matangazo peke yake, sijui nani angetufinyangia vyungu vile.

Maana Wakenya kutembea London wakiwa masomoni si jambo la jana. Jomo Kenyatta mwenyewe, miaka ya 1930, alijitokeza kama mmoja wa waigizaji wadogo katika filamu ya Sanders of the River, iliyotoka mwaka 1935, akiwa na Paul Robeson. Muda si muda alikuwa darasani kwa mwanaanthropolojia Malinowski, na mwaka 1938 kitabu chake kuhusu Wagikuyu kikatoka. Baba mdogo aliposikia hili juzi alinyamaza, akaongeza sukari kwenye chai.

Sasa Globe. Nisikilizeni kuhusu Globe!

Ni jumba la maigizo la mviringo kando ya mto Thames, lililojengwa upya kwa mfano wa lile la enzi za Shakespeare na kufunguliwa mwaka 1997, la mbao na paa la makuti ya matete, paa la kwanza la nyasi kuruhusiwa katikati ya London tangu moto mkubwa wa 1666. Katikati hakuna paa. Ni ua wazi, unaingiza watu wapatao 700, wote wamesimama, na tikiti ya kusimama inaanzia pauni 5. Pauni tano! Chini ya shilingi elfu moja, mbele kabisa ya jukwaa, viwiko vyako juu ya mbao wanazokanyaga waigizaji. Waliolipa mara kumi yako wameketi nyuma kwenye madaraja, wanakuona wewe.

Mwavuli hauruhusiwi. Mvua ikija, inakuja. Ilikuja kipindi cha pili, na wenzangu wengi wakaanza kuhangaika na mifuko ya plastiki. Mimi mtoto wa Nyamira nilijifunga leso kichwani nikatulia. Mwigizaji mmoja, maji yakimtiririka usoni, akainamia ua akatusemesha sisi moja kwa moja, na watu mia kadhaa waliolowa wakamjibu kwa sauti moja. Kiingereza chenyewe ni cha zamani, kina mafumbo kama Ekegusii cha wazee wa baraza. Maneno mengine yanapita juu ya kichwa, lakini mwili wa mwigizaji unakutafsiria. Nilicheka mahali pa kucheka. Kwa saa karibu tatu sikukumbuka miguu.

Na hapo hapo, mwaka 2012, Kiswahili kilipanda jukwaani! Ilikuwa tamasha la michezo 37 ya Shakespeare kwa lugha 37, na waigizaji kutoka Kenya walileta Wanawake wa Heri wa Winsa. Nilipolijua hili nilirudi mara ya pili, tena mara ya tatu, na kila mara nilisimama nikijaribu kusikia jinsi silabi zetu zilivyogonga mbao zile za mviringo. Tunangoja nini? Kwa nini mchezo ule usije Kisii mjini, ukachezwa uwanjani mchana kweupe, wakati ambapo wanafunzi wetu wanakesha wakijiandaa kwa tamasha za muziki na drama za shule? Nauliza kwa dhati kabisa.

Nikiwa bado hapo kwenye kusimama: Proms. Ni matamasha ya muziki wa okestra ya kila kiangazi, yalianza mwaka 1895, na siku hizi yanafanyika Royal Albert Hall, jumba la kuba lililofunguliwa 1871. Tena utaratibu ule ule mtukufu: sakafu iliyo mbele kabisa ya wapigaji ni ya watu wa kusimama, na nililipa kama pauni 8. Nilienda mara mbili. Mara ya kwanza nilipanga foleni na bibi mmoja mwenye mvi aliyekuja na kiti cha kukunja na chupa ya chai. Aliniambia amesimama pale kila mwaka tangu ujana wake, akanigawia biskuti, akanifundisha mahali pa kusimama: kulia, karibu na fidla kubwa za besi, zile zinazopigwa mtu amesimama.

Mafidla yale yalipoanza kwa pamoja, taratibu, chini kabisa, nilishika kifua. Ni pale pale! Mbavu zile zile! Ule mvumo wa obokano jioni, babu akiwa bado anatafuta sauti na hajaanza wimbo, ndio huo, umeongezwa mara nane na kuvishwa suti nyeusi. Baadaye ikaingia ogani ya jumba lile, yenye mabomba karibu 10,000, na sakafu ikatetemeka chini ya viatu vyangu. Sikuwahi kuusomea muziki ule, wala sikujua nani anafuata nani. Lakini besi ilinishika mkono ikanipitisha ndani. Mtu aliyelelewa na obokano haingii kwenye okestra kama mgeni. Anaingia kwa mlango wa chini, mlango wa sauti nzito, na watu wa ndani wanamfahamu.

Si kila tembezi lilikuwa la namna hii. Katika jumba moja la maonyesho nililipa pauni 25, nikapewa kiti nyuma ya nguzo, na nguzo ndiyo niliyoiangalia jioni nzima. Hiyo ndiyo pesa pekee ninayoijutia mwaka mzima, na nimeitaja ili mwenzangu aulize kwanza kiti kinaona nini.

Kuna tembezi moja sikuliweza, na hilo bado linaniwasha. Makao makuu ya UNESCO yako Paris, na kwenye hazina yake ya sanaa kuna kazi ya Picasso, ya Miró, ya Henry Moore, ya Giacometti. Na kuna ndege! Ndege wa Amani, aliyechongwa na Elkana Ong'esa wa Tabaka. Mtu wa kwetu, wa milima hii, ametia kazi yake katika nyumba moja na hao wote. Viza ya mwanafunzi ya Uingereza haikupitishi Ufaransa. Inatakiwa nyingine, na muda wa kuiomba ulinipita kwenye mitihani. Wewe unayekwenda Ufaransa, Ubelgiji, Ujerumani au Ufini mwaka huu, wewe uko ndani tayari. Ziara za pale zinahitaji kuandikishwa mapema, basi jiandikishe wiki ya kwanza. Nenda ukamwone ndege yule kwa niaba yangu, mtazame vizuri, na ukirudi unisimulie, nitakupikia mboga za chinsaga na ugali wa wimbi.

Sasa hesabu niliyoahidi, wazee wa kamati. Makumbusho makubwa ya taifa kule London ni bure: British Museum, Tate Modern, V&A, National Gallery na yale ya Historia ya Asili. Basi nililipia pauni 1.75, na ndani ya saa moja unapanda jingine bila kulipa tena. Nilitoka mara 20 kwa basi, kwenda na kurudi, pauni 70. Globe mara tatu, pauni 15. Proms mara mbili, pauni 16. Jumla pauni 101, ukiacha ile ya nguzo. Ni kama shilingi 17,000 kwa mwaka mzima, pungufu ya koti lile la baridi na viatu vyake. Chakula nilibeba kutoka chumbani. Ijumaa British Museum hufungwa usiku, saa mbili na nusu, na saa kumi na mbili hivi vyumba vinapungua watu; hiyo ndiyo saa ya kwenda kwa Puabi, mkiwa wawili watatu tu mbele ya kioo. Beba daftari. Chora, hata kama hujui kuchora, kwa sababu mkono unaochora unalazimisha jicho kukaa. Mchoro wangu wa kinubi umekunjamana na una doa la chai, na ndicho kitu cha kwanza nilichokitoa begini.

Nilimpelekea babu jana jioni. Alikuwa amekaa nje kwenye kigoda, obokano limeegemea ukuta, mvua imekata na majani ya chai yanadondosha maji. Akaishika karatasi mbali na macho, kama wazee wanavyosoma. Akamtambua fahali. Akafuata mikono miwili kwa kidole, juu, hadi mti wa kulala.

"Nyuzi ngapi?"

"Kumi na moja, Babu."

Akatazama lake. Nane. Akafikiri.

"Hizo tatu za nini?"

Nikamwambia hakuna ajuaye wimbo wao. Akatikisa kichwa kwa huruma, huruma ya fundi kwa fundi.

"Na mpigaji alikuwa nani?"

"Mwanamke. Walimkuta mikono yake ikiwa hapa." Nikaweka vidole juu ya karatasi, pale.

Shangazi alikuwa mlangoni na ungo wa wimbi. Alisikia. Hakusema kitu, wala hakuondoka. Babu akalivuta obokano katikati ya magoti yake, akazungusha vifundo vya nyuzi kwenye mti wa juu, kimoja kimoja, akisikiliza, mpaka zikakubaliana. Kisha akaligeuza upande wangu.

"Anza na ule mnene," akasema. "Usiuvute kwa ukucha. Tumia nyama ya kidole."